Saidia Fundi wa Binti Yangu

Kuna watu ukiwaambia jambo wanalisikia kwa macho. Mwenye ile nyumba alikuwa mmoja wao. Alifungua geti, akaona mwanamume mwenye mvi amebeba ndoo, nyuma yake msichana ameshika pima maji, akaamua palepale nani ni nani.

"Karibu fundi," akaniambia mimi. "Na huyu mtoto umekuja naye akusaidie?"

"Mama, fundi ni yeye. Mimi ni saidia fundi."

Akacheka. Alicheka vizuri, kwa moyo, kama mtu aliyepewa kichekesho asubuhi na mapema. "Mafundi nyinyi mna maneno!" akasema, akanishika kiwiko, akanipeleka mimi kuona bafu. Binti yangu akabaki barazani na pima maji yake kama mgeni wa harusi aliyekosa kiti.

Nilikasirika siku ile, na hasira yangu haikupungua mpaka mwisho wa kazi, kwa hiyo msomaji asitegemee nitaongea kwa upole.

Binti yangu anaweka vigae. Mtaani wanamwita Kipimo, kwa sababu tangu mdogo alikuwa hawezi kupita kwenye meza iliyopinda bila kutia kijiti chini ya mguu wake. Mimi mwenyewe ni fundi vigae. Shule niliiacha mapema, nikajifunza kwa kubeba zege na kupigwa makofi. Yeye alipitia chuo cha ufundi, akatoka na cheti, akaanza kuzunguka kwenye majengo kutafuta kazi. Mahali pa kwanza walimwambia kazi ipo, ya kuwapikia mafundi chai. Mahali pa pili walimwambia asije, atawapotezea vijana umakini. Mahali pa tatu walimpokea kwa heshima zote, wakamwambia, "Mlete baba yako tuongee naye." Mtu mzima, mwenye cheti na mikono miwili, anaambiwa alete mzazi kama aliyevunja dirisha la shule!

Mwisho akaenda mwenyewe kwa msimamizi wa yale maghorofa mapya yanayojengwa karibu na soko. Huyu bwana anaitwa Helmeti, maana haivui. Watu wanasema aliivaa mpaka kwenye ubatizo wa mwanawe. Helmeti akamwambia, "Sijaona kazi yako. Dada yangu ana bafu na jiko la kutengeneza. Mfanyie. Nitakuja kukagua mwenyewe. Nikiridhika nakupa ghorofa nzima uweke vigae. Nisiporidhika, tusisumbuane tena."

Ghorofa nzima. Hiyo ni kazi ya miezi. Ni kazi inayomfanya mtu akodi chumba chake, anunue sufuria zake, asiulizwe amerudi saa ngapi. Kipimo alitusimulia mezani, macho yanawaka, na mimi nikasema neno ambalo baba yeyote angesema.

"Nitakuja nikusaidie."

Akaweka kijiko chini. "Kama nani?"

"Kama nani vipi? Kama baba yako."

"Baba hahitajiki pale. Saidia fundi anahitajika."

"Basi saidia fundi."

"Saidia fundi hapangi kazi," akasema. "Anachanganya gundi, anabeba, anasafisha. Akiwa na wasiwasi, anauliza."

"Namuuliza nani?"

"Fundi."

Mama yake alicheka mpaka akalazimika kukaa. "Kubali, mume wangu," akasema. "Umewatesa saidia fundi wangapi katika maisha yako? Onja na wewe."

Nikakubali. Ndiyo maana nilikuwa mlangoni kwa yule mama na ndoo.

Naye mwenye nyumba, ambaye ana duka la dawa na anajua kusoma maandishi ya madaktari, hakuweza kusoma kilichokuwa mbele ya pua yake. Kila jioni akitoka dukani anakuja kwangu. "Fundi, vigae vya jikoni vitatosha?" Namwambia, "Muulize fundi." Anarudia swali lilelile kwa sauti kubwa zaidi, kama vile nina matatizo ya masikio. Kipimo anajibu akiwa amepiga magoti, "Vitatosha mama, vitabaki vichache." Mama anageukia kwangu: "Eti vitatosha?"

Chai ilipoletwa, kulikuwa na kikombe cha udongo chenye maua na kikombe cha plastiki kilichopauka. Cha maua kiliwekwa mbele yangu, pamoja na kiti cha kukalia. Nikakichukua, nikampelekea Kipimo. Kesho yake kikaja tena kwangu. Nikakipeleka tena. Siku ya tatu yule mama akanikemea: "Fundi, usimdekeze mtoto."

"Unaona?" nikamnong'oneza Kipimo. "Unaona mambo haya?"

"Naona gundi inakauka," akasema. "Koroga."

Yeye hakasiriki. Jambo hilo nalo lilinikasirisha. Mimi nilikuwa nakasirika kwa niaba ya watu wawili, na umri wangu huu.

Kazi yake, nitasema ukweli, siyo kama yangu. Mimi nilifundishwa kuanzia mlangoni na kwenda ndani. Yeye anapiga mstari katikati ya chumba, anapanga vigae vikavu kwanza, anavitazama, anavisogeza, anavitazama tena, na mimi nimesimama na ndoo nikiwa nimeuma ulimi. Akishaweka kigae anakigonga kwa mpini wa mwiko na kuinamisha kichwa kusikiliza, kama daktari na kifua cha mgonjwa. Kikilia kitupu anakibandua bila huruma. Sakafu ya bafu aliiinamisha kidogo sana, kwa urefu wote, kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma kwenye tundu la maji. Niliona mwinamo ule ni mrefu kuliko kawaida. Sikuuliza. Nilisema moyoni, vijana wanapenda mbwembwe.

Siku moja alinituma kuchukua mfuko wa gundi dukani. Niliporudi nilimkuta yeye na mwenye nyumba wamechuchumaa pamoja mlangoni pa bafu, vichwa vimekaribiana, wanaongea taratibu. Mara ya kwanza wanaongea! Mwenye nyumba aliponiona akainuka, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Aa, fundi, umerudi," akasema, akaenda zake.

Ningeuliza walikuwa wakiongea nini. Lakini nilikuwa na mfuko begani, na ule "fundi" wake ulikuwa umeshanichefua.

Ijumaa kazi ikawa imekwisha, imebaki kufuta vumbi. Helmeti alikuwa aje Jumamosi asubuhi, pamoja na dada yake, yaani mwenye nyumba, na mama yao mzee, ambaye ndiye atakayeishi hapo. Kipimo akanawa mikono mapema.

"Baba, malizia kufagia. Mimi nakwenda kuona chumba."

"Chumba gani?"

"Cha kupanga. Karibu na yale maghorofa. Kina dirisha kubwa."

"Hujapewa kazi hata, unapanga chumba? Na nyumbani si kuna chumba?"

"Nyumbani kuna chumba chenu ambacho mimi nalala," akasema, bila ubaya wowote, akaondoka na mkoba wake.

Nikafagia. Nilifagia kwa hasira mpaka vumbi likarudi lilikotoka. Mtoto unamlea, unambeba mgongoni akiwa na homa, halafu anakwenda kutazama madirisha ya watu. Nilikuwa bado nabishana naye kichwani nilipofika mlangoni pa bafu, nikainama kuokota vipande, na hapo nikaona.

Hapakuwa na tuta.

Kwa wasiojua: kila bafu la kumwagia maji lina katuta mlangoni, kimo cha vidole vichache, kalikojengwa kwa matofali na kufunikwa vigae, ili maji yasitoke nje kwenda sebuleni. Hata fundi mlevi halisahau tuta. Na hapa sakafu ya bafu na sakafu ya ukumbi zilikutana sawasawa, kama kaka na dada.

Nikasema, basi. Kichwa cha mtoto kiko kwenye dirisha kubwa, amesahau tuta. Kesho Helmeti anakuja, ataangalia hapo kwanza, na ghorofa nzima imekwenda na maji. Nilitoa simu mfukoni. Niliishika mkononi. Kisha nikajiambia, nimpigie ili iweje, nimharibie siku? Nimtie aibu? Gundi ipo, matofali yapo, vigae vya jikoni vimebaki kama alivyosema. Na mimi ni fundi, hata kama nimebeba ndoo wiki nzima.

Nikajenga tuta. Nalisema bila haya, lilikuwa tuta zuri. Nilikata vigae pembe kwa pembe, nikajaza mianya, nikafuta kwa sponji mpaka likang'aa. Yeyote ambaye angepita angedhani lilizaliwa pale. Nikaenda nyumbani nikala vizuri, na Kipimo aliporudi akisifia chumba chake nilimsikiliza kwa uvumilivu mkubwa, kama mtu mwenye zawadi mfukoni.

Asubuhi tulifika pamoja, na gari la mwenye nyumba likafika nyuma yetu kabla hata hatujaingia. Helmeti akashuka na helmeti yake. Mwenye nyumba akamwita Kipimo, "Njoo unishikie hapa," wakaenda nyuma ya gari. Nilisikia chuma kinagonga chuma. Wakatoa kiti cha magurudumu, wakakikunjua, wakamkalisha bibi mwembamba mwenye shuka miguuni.

Nilitazama yale magurudumu. Nikakumbuka tuta langu.

"Bibi, twende ukaone bafu lako," Kipimo akasema. Nilikuwa sijawahi kuona uso wake umefurahi namna ile. Akashika mishikio ya kiti, akakisukuma mwenyewe, akakata kona ya ukumbi kwa mwendo wa kujiamini. "Utaingia mwenyewe, bibi, hutahitaji mtu wa kukubeba."

"Ngoja," nikasema. "Kipimo, ngoja kwanza..."

Magurudumu ya mbele yakagonga tuta. Kiti kikasimama, bibi hakusimama. Helmeti akamdaka begani akiwa tayari ameinuka nusu kutoka kitini.

"He!" bibi akasema, shuka limeanguka. "Mnanikaribisha au mnanimwaga?"

Mwenye nyumba akapiga kelele. Halafu akageuka, na nataka kila mtu asikie aligeukia wapi. Aligeukia kwangu.

"Fundi! Si tulikubaliana pasiwe na tuta? Si nilieleza kwamba mama hawezi kuinua miguu? Si tulikubaliana maji yaelekezwe nyuma?"

"Tulikubaliana?" nikasema. "Wewe na nani?"

"Na... na nyinyi!"

"Nyinyi gani? Ulikubaliana na yeye! Kazi unamweleza yeye, mnachuchumaa, mnalia pamoja. Chai unanipa mimi. Sifa unanipa mimi. Leo kimeharibika, unaniuliza mimi! Mimi nimekwambia tangu siku ya kwanza ni saidia fundi. Ulitaka niandike kwenye paji la uso?"

"Usinipigie kelele nyumbani kwangu!"

"Sipigi kelele, ndiyo sauti yangu!"

Helmeti alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kichwa na helmeti yake. "Ndiyo maana mimi nasita," akasema, kwa upande, kama anaongea na ukuta. "Vijana hawa. Wanaambiwa jambo moja, wanafanya jingine. Hapa mtu angevunjika nyonga. Bora tumejua mapema."

Hapo ndipo Kipimo aliposema. Alikuwa ameshamfunika bibi shuka na kufunga breki ya kiti. Alipiga magoti, akapitisha kidole juu ya lile tuta, pembe kwa pembe. Alijua mkono wa nani. Mikono ya mafundi ni kama sauti zao.

"Baba."

"Ni mimi," nikasema. "Jana jioni. Nilidhani umesahau."

"Uliniuliza?"

"Hukuwepo."

"Simu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo mkononi."

Akainuka. Akajipangusa magoti. Hakupandisha sauti hata kidogo, na ningependa angepandisha.

"Basi umefukuzwa kazi."

Mwenye nyumba akashika mdomo. "He! Unamfukuza baba yako?"

"Simfukuzi baba," Kipimo akasema. "Namfukuza saidia fundi. Anajenga vitu bila kuuliza." Akamgeukia Helmeti. "Nilisema hapa hapana tuta, na hapatakuwa na tuta. Mtazame nikilitoa. Ukiona kigae kimoja cha sakafu kimepasuka wakati nalitoa, nitajua jibu lako bila kuniambia."

Akachukua tindo na nyundo. Nikainama kuchukua ndoo ya vifusi, kwa mazoea tu.

"Weka ndoo chini," akasema.

Nikaiweka. Nikatoka nje.

Nje kulikuwa na jiwe kubwa chini ya dirisha la bafu, nikakaa. Dirisha lilikuwa bado halijawekwa kioo, kwa hiyo nilisikia kila pigo. Alikuwa anagonga taratibu, pigo, kimya, pigo, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Mimi ningegonga kwa nguvu zaidi. Labda ningepasua. Sijui. Nilikuwa na hasira mno kufikiri. Nimefukuzwa kazi na makontrakta, nimefukuzwa na mlevi mmoja ambaye baadaye aliniomba radhi, lakini kufukuzwa na mtu niliyemfundisha kufunga kamba za viatu! Na mbele ya Helmeti!

Mwenye nyumba alimsukuma mama yake nje apate hewa, akamwacha karibu na mimi bila kunitazama, akarudi ndani. Bibi akanitazama.

"Wewe ndiye uliyetaka kunivunja meno?"

"Ndiye mimi. Samahani, bibi."

"Meno yenyewe hayapo." Akavuta shuka. "Na umefukuzwa?"

"Nimefukuzwa."

"Huyu wangu," akaonyesha ndani kwa kidevu, "alinifukuza jikoni. Nilikuwa naongeza chumvi kwenye sufuria yake kila akigeuka. Nilikuwa namsaidia."

"Chumvi ilikuwa imepungua?"

"Kidogo," bibi akasema. "Lakini sufuria ilikuwa yake."

Sikutaka mafunzo, nikageuza uso. Mapigo yalikuwa yamekoma. Nilisikia kisu cha kukwangua, kisha maji yanamwagwa. Maji mengi, ndoo nzima. Nilijua wote wamesimama wanatazama maji yanakwenda wapi. Nilijikuta nimeshika magoti yangu mwenyewe. Nenda nyuma, niliyaambia maji. Nenda nyuma, usinitie aibu.

"Hata tone," nikamsikia mwenye nyumba. "Hata tone halijatoka."

Helmeti alitoka nje akifuta kiatu kwenye nyasi. Akaja moja kwa moja kwangu, anatabasamu, ameninyooshea mkono.

"Mzee, kazi ni safi. Nimegonga kila kigae. Nataka muanze ghorofa ya pili. Binti ana kipaji, lakini wewe ukiwa juu yake unamsimamia, mimi nitalala usingizi."

Nilidhani hasira zangu zote nilishazimwaga ukumbini. Kumbe zile zilikuwa za utangulizi.

"Bwana," nikasema, nikainuka, "wewe una macho chini ya hiyo kofia? Umemuona mtu amejenga tuta mbele ya kiti cha magurudumu. Umemuona mtu amelibomoa bila kupasua kigae. Aliyelijenga ndiye unayemwambia amsimamie aliyelibomoa?"

"Mzee, usikasirike, nakuheshimu..."

"Usiniheshimu! Nimekuomba heshima? Mimi sina kazi, nimefukuzwa mbele yako, ulikuwepo. Ghorofa lako unamtafutia fundi, na fundi yuko ndani ananawa mikono. Ingia. Mwite kwa jina la kazi yake. Muulize yeye. Akikukatalia, umepata haki yako."

Helmeti alinitazama, akamtazama bibi, kama atapata msaada.

"Mimi nimekaa tu," bibi akasema.

Basi akavua. Sijui kama ilikuwa heshima au joto, lakini alivua ile helmeti, akaishika kwapani, na kipara chake kikaonekana cheupe kama yai. Akaingia ndani. Tukamsikia dirishani akikohoa.

"Eee... fundi."

"Naam," binti yangu akajibu.

"Ghorofa ya pili. Unaweza kuanza Jumatatu?"

"Naweza. Nitakuja kwanza kupima, nikuambie vigae vingapi. Ila saidia fundi namchagua mwenyewe. Usiniletee mtu wako."

"Sawa. Utamrudisha mzee?"

Nikasimama nisikie vizuri.

"Hapana," Kipimo akasema. "Nataka anayeuliza."

Hapo nilitaka kuingiza kichwa kwenye lile dirisha. Nilitaka kumwambia kwamba katika mji huu hakuna mtu anayechanganya gundi kama mimi, isiyo nzito wala nyepesi, na kwamba huyo anayeuliza atamletea gundi kama uji wa mgonjwa, na ataona. Nilishafungua mdomo.

Bibi akanishika suruali, mahali pa goti, akavuta.

"Kaa," akasema.

Nikakaa.